Kujuana Si Kushirikiana: Dhidi ya Mahubiri ya Konekisheni

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi sisi wanafunzi tunaocheza ngoma na kuigiza hapa Kigali tunafundishwa kinyume chake: jitembezeni. Huja mwezeshaji wa semina ya ajira, huwasha projekta, na kutuambia kwamba kipaji ni sehemu ndogo tu ya mafanikio, sehemu kubwa ni watu unaowajua. Tuandae wasifu mzuri, tufungue ukurasa wa LinkedIn, tuhudhurie kila uzinduzi na kila mkutano, tusitoke ukumbini bila namba mpya za simu. Hiyo ndiyo inayoitwa nadharia ya mtandao wa kitaaluma. Mtaani tunaiita konekisheni.

Katika insha hii nataka kuyapinga mahubiri hayo. Sisemi kwamba watu si muhimu. Msanii wa jukwaani asiyejuana na mtu yeyote hana wa kucheza naye. Ninachosema ni kwamba nadharia zenyewe, zikisomwa hadi mwisho, hazisemi yale tunayoambiwa. Tena zikipimwa kwa hali halisi ya kazi ya jukwaani katika mji huu, zinatuelekeza kwenye jambo jingine kabisa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna maneno mawili ya kutusaidia hapa. Neno la kwanza ni kujuana. Kisarufi halina kosa: mimi nakujua, wewe unanijua. Lakini msikilize Mswahili akisema kwamba kazi fulani ni ya kujuana. Maana yake ni kwamba kazi hiyo imegawiwa kwa upendeleo, na asiyejulikana asihangaike kuomba. Neno la pili ni kushirikiana, kutoka kushiriki, yaani kuwa na fungu katika jambo. Wawili wanaojuana wanaweza wasiwe wamefanya lolote pamoja. Wawili walioshirikiana wamekwisha kutoa jasho mahali pamoja. Hoja yangu yote imo katika tofauti hiyo: kazi ya jukwaani hutokana na kushirikiana, na chuo kinachotufundisha kujuana peke yake kinatuandaa kuwa ombaomba wenye kadi za biashara.

Tuanze na nadharia inayotajwa kuliko zote. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu. Alikuwa amewahoji watu waliobadili kazi karibuni katika kitongoji kimoja cha Boston. Miongoni mwa wale waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Sababu aliyoitoa inaeleweka upesi: rafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe, ilhali mtu wa mbali anaishi katika kundi jingine, kwa hiyo anakuletea habari usizokuwa nazo.

Semina huishia hapo. Haisemi kwamba watu aliowahoji walikuwa wataalamu, mafundi na mameneja. Kwa watu wa namna hiyo, anachokipitisha mtu wa mbali ni habari: kampuni fulani ina nafasi, peleka barua. Baada ya hapo kuna usaili, kuna mkataba, kuna mshahara wa mwezi. Pia semina haisemi kwamba katika makala ile ile Granovetter aliuzungumzia mtaa wa West End, Boston, uliobomolewa kwa sababu wakazi wake walishindwa kuungana kuuzuia ubomoaji. Walikuwa na udugu mwingi ndani ya vikundi vidogo, lakini hakukuwa na watu wa kuviunganisha vikundi hivyo. Kwa maneno mengine, aliyeasisi hoja hii alijiuliza pia jinsi jamii inavyoweza kusimama pamoja na kujitetea. Sisi tumeachiwa swali la namba za simu tu.

Sasa tuangalie jinsi mchezaji wa ngoma anavyopata kazi Kigali. Kwa vikundi vingi vya ngoma za asili, ambavyo kwa Kinyarwanda huitwa amatorero, riziki ya kila siku ni harusi. Jumamosi familia ya bwana harusi inakwenda kuposa na kutoa mahari, na wenyeji wao wanataka waimbaji, wapiga ngoma, wasichana wa kucheza na vijana wa intore wenye manyoya kichwani na njuga miguuni. Alhamisi kiongozi wa kikundi anagundua kwamba amepungukiwa na vijana wawili. Anamwita nani? Hafungui droo ya kadi. Anawauliza wachezaji wake mwenyewe: nani anazijua hatua zetu na anafika kwa wakati? Jina linatoka kwa mtu aliyewahi kucheza bega kwa bega na anayependekezwa, naye anamdhamini kwa jina lake. Intore mmoja akikosea kugeuka, mstari wote umeharibika mbele ya wageni mia tatu. Mchezaji aliyemleta ndiye atakayeulizwa.

Hapa anayehitajika ni mtu wa kuaminiwa. Habari ya kwamba Jumamosi kuna harusi haina thamani kwa kijana ambaye hakuna aliyewahi kufanya naye mazoezi. Habari inasafiri kirahisi kwa mtu wa mbali. Imani haisafiri hivyo, inajengwa katika mazoezi ya jioni, mwezi baada ya mwezi, na watu wale wale.

Iko pia kalenda ya nchi yetu. Tarehe 7 Aprili tunaanza wiki ya maombolezo ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Sherehe zinasimama, na ndivyo inavyostahili. Lakini mchezaji anayeishi kwa harusi anapitisha kipindi hicho bila kipato. Nani anamkopesha pesa ya chumba hadi kiangazi kifike na harusi zirudi? Ni yule aliyebeba naye ngoma mgongoni. Mtu waliyebadilishana namba katika uzinduzi wa mradi hana habari naye.

Mtu atasema kwamba hizi ni ngoma za harusi, sanaa kubwa ina kanuni nyingine. Basi twende New York. Mwaka 2005 Brian Uzzi na Jarrett Spiro walichapisha utafiti kuhusu maonyesho ya muziki ya Broadway kutoka mwaka 1945 hadi 1989. Walichunguza maonyesho 474 na watu 2,092 walioyaunda: watunzi wa muziki, watunzi wa maneno, waandishi, waongozaji, wabunifu wa miondoko na watayarishaji. Walitaka kujua ni mtandao wa aina gani unaozaa onyesho linalopata watazamaji na sifa. Angalia kwanza walivyopima uhusiano. Hawakuhesabu waliosalimiana, walihesabu waliofanya onyesho pamoja. Kwao uhusiano wa kisanaa ni kazi iliyokwisha kufanyika.

Matokeo yao hayamfurahishi mhubiri wa konekisheni. Mtandao ulipokuwa umelegea, watu wasiofahamiana kikazi, maonyesho hayakufanya vizuri. Ulipoanza kufungamana, mafanikio yaliongezeka. Lakini ulipozidi kufungamana, kila mtu akiwa amefanya kazi na kila mtu, mafanikio yalishuka tena, kwa kuwa wote walikuwa na mawazo yale yale. Fundisho lake ni la kiasi: kikundi kinachoaminiana, pamoja na wageni wachache wanaoleta jambo jipya. Hakuna mahali katika utafiti huo panaposemwa kwamba anayeshinda ni mwenye namba nyingi zaidi.

Nadharia ya pili inayopendwa ni ya Ronald Burt. Mwaka 1992 alieleza kwamba katika kila jamii kuna mapengo: makundi mawili ambayo yangenufaishana lakini hayafikiani. Anayesimama kwenye pengo na kuyaunganisha hupata faida. Kiswahili kina jina lake tangu zamani: dalali. Semina hutuambia tuwe madalali. Haituambii kwamba wengi wetu ndio mali inayouzwa.

Kigali ni mji wa mikutano. Tangu jumba la Kigali Convention Centre lifunguliwe mwaka 2016 wageni wamezidi kuja, na wageni wanataka kuona ngoma. Upande mmoja kuna mashirika na hoteli zenye bajeti, upande mwingine kuna vijana wanaojua kucheza. Katikati kuna pengo. Mwaka jana kikundi chetu cha wanafunzi kilialikwa kucheza kwenye chakula cha jioni cha mkutano mmoja. Dalali aliyetuita alisema hakuna malipo isipokuwa nauli, lakini watakuwepo watu wakubwa na tutajulikana. Tulifanya mazoezi wiki mbili. Usiku ule tulicheza dakika kumi na mbili, kati ya supu na nyama. Kwenye ratiba jina letu halikuwepo, paliandikwa burudani ya asili. Tulipomaliza tuliambiwa tupite mlango wa jikoni na tusiwasumbue wageni.

Fikirini maagizo hayo. Tulikwenda kujenga mtandao, na aliyetupeleka ndiye aliyetukataza kuzungumza na watu. Si kwa sababu ana roho mbaya kuliko wengine. Nadharia ya Burt inamweleza vizuri: faida yake inadumu kwa muda ule tu ambao pande mbili hazijafikiana. Siku tukijuana na mwenye bajeti, dalali hana kazi. Kwa hiyo neno mtajulikana, likitoka kinywani mwake, ni ahadi ambayo haimfai kuitimiza. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba kila mwaliko ni mtaji hana njia ya kuligundua hilo. Atacheza bure mara ya pili, na ya tatu, na kila mara atajilaumu kwamba hakutabasamu vya kutosha.

Hapo ndipo ubaya wa mahubiri haya ulipo. Yanachukua uhaba, kumbi chache, ruzuku chache, mikataba michache, na kuugeuza kuwa kosa la tabia ya kijana mmoja mmoja. Hujapata kazi? Hukujichanganya. Mfaransa Pierre Bourdieu aliandika kwamba mahusiano ni mtaji unaowekezwa, na kuwekeza kunahitaji muda na fedha. Kwenda kwenye uzinduzi Kiyovu usiku ni nauli ya pikipiki kwenda na kurudi, ni nguo, ni Kifaransa au Kiingereza cha kuzungumza bila kusita. Mtoto wa balozi anavyo tayari. Aliyetoka kijijini Nyagatare anayeishi kwa mkopo wa masomo hana, ingawa anaweza kumzidi mtoto wa balozi kwa kila hatua ya ngoma. Kuwaambia wote wawili jengeni mtandao ni kuwapanga kwenye mbio ambazo mmoja ameshapewa nusu ya njia.

Kwa wasichana gharama ni nyingine, na nitaisema waziwazi kwa sababu kwenye semina haisemwi. Kazi zinapogawiwa kwa kujuana, mlango uko mkononi mwa mtu mmoja, naye ndiye anayechagua saa na mahali pa kuonana. Wapo wasichana wanaoalikwa kuzungumzia nafasi ya kuigiza saa nne usiku, mahali ambapo hakuna jukwaa wala mwigizaji mwingine. Akikataa, ataambiwa hajui kujiuza. Usaili wa wazi, wenye saa inayojulikana na majaji zaidi ya mmoja, unamlinda kuliko ushauri wote wa kujiamini.

Basi waliofanikiwa hapa kwetu walifanikiwaje? Hope Azeda alisoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Makerere na mwaka 1997 alianzisha kikundi cha Mashirika. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kutafsiriwa jina hilo. Mwaka 2015 alianzisha tamasha la Ubumuntu, linalofanyika Julai katika uwanja wa maonyesho wa Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari, Gisozi. Wasanii wanatoka nchi nyingi, na mtazamaji haulizwi kiingilio. Huko Butare, mwaka 2004, Odile Gakire Katese, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha sanaa cha chuo kikuu, alianzisha Ingoma Nshya, kikundi cha wanawake wapiga ngoma. Nchini mwetu ngoma zilikuwa za wanaume. Wanawake hao hawakuwa na konekisheni yoyote. Walikuwa na mahali pa kufanyia mazoezi, na mtu aliyewafungulia mlango. Baadaye wakasafiri hadi nje ya Afrika.

Najua jibu mtakalonipa: hao walioanzisha walikuwa na watu. Azeda alitoka Makerere. Carole Karemera, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Ishyo hapa Kigali, alizaliwa Brussels na aliigiza katika Rwanda 94, onyesho la takriban saa sita la kundi la Groupov la Ubelgiji, lililozinduliwa mwaka 2000 na kuletwa Rwanda mwaka 2004. Ni kweli, walikuwa na watu. Lakini tuulize mambo mawili. Waliwapataje watu hao? Kwa kufanya nao kazi: huwezi kusimama na mtu jukwaani saa sita, usiku baada ya usiku, mkabaki watu wa kupeana kadi. Na walipofika kwenye pengo, walifanya nini? Wangeweza kukaa hapo na kutoza ushuru kama madalali. Badala yake walijenga kituo, tamasha, kikundi, mahali ambapo wengine wanapita. Hilo ndilo linalofaa kuigwa, nalo halimo kwenye semina.

Nyumbani kwa Kiswahili mfano upo pia. Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na Penina Muhando waliandika pamoja tamthilia ya Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982. Wanawake watatu, kitabu kimoja. Tukisoma historia ya tamthilia ya Kiswahili tunazoea kutaja majina moja moja kama vile kila mtunzi alikuwa kisiwa. Ushirikiano kama huo unastahili kufundishwa kama mbinu ya kazi, si kama jibu la swali la mtihani.

Hapo nafika kwa jambo linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Tamasha la sanaa na utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, JAMAFEST, lilianzia hapa hapa Kigali mwaka 2013, kisha likaenda Nairobi mwaka 2015, Kampala mwaka 2017 na Dar es Salaam mwaka 2019. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa. Wanafunzi wake wanacheza, wanaigiza na kupiga ngoma kwa lugha tunayoisoma. Wangapi kati yetu wamewahi kufanya nao zoezi moja? Tunafundishwa kumtafuta mgeni wa Ulaya kwenye uzinduzi, wakati jirani anayetuelewa bila mkalimani hatujamwandikia hata barua. Kama kuna pengo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili wa Kigali anaweza kuliziba kabla ya dalali hajafika, ni hilo.

Kwa hiyo nina madai manne, na nayaelekeza kwa wanafunzi wenzangu na kwa walimu wetu pia.

Kwanza, kila onyesho linalobeba jina la chuo lipate wachezaji kwa usaili wa wazi, uliotangazwa ubaoni, wenye majaji wasiopungua watatu. Kikundi kizuri kina haki ya kuwapenda watu wake, lakini kila mwaka kipokee wageni. Utafiti wa Broadway unatuambia kwamba kisipofanya hivyo kitachoka.

Pili, kikundi chochote cha wanafunzi kisitoke kwenda kucheza bila karatasi moja iliyotiwa sahihi, inayotaja saa za kazi, malipo, na jina la kikundi litakavyoandikwa. Anayetoa kujulikana badala ya malipo aandike ni nani watakaotujua na kwa njia gani. Akishindwa kuandika, tumemwelewa.

Tatu, anayepata nafasi nje, tamasha, safari au ufadhili, arudi na anwani na taarifa, aziweke mahali ambapo wote wanaziona. Tusiwazalishe madalali wadogo miongoni mwetu.

Nne, na hili ni la walimu wetu waheshimiwa: semina ya mitandao ifutwe, na saa zake zipewe kazi. Tupeni ukumbi jioni, wiki sita, na tamthilia moja ya Kiswahili, tuiandae pamoja na wenzetu wa fani nyingine, wa muziki, wa mavazi, wa hesabu za fedha. Muitoleeni alama kama mnavyotoa alama za insha. Mwaliko uende Bagamoyo na Kampala. Mwisho wa wiki hizo kila mmoja wetu atakuwa na watu ishirini wanaojua kama anafika kwa wakati, kama anakariri maneno yake, kama anambeba mwenzake anaposahau. Hao ishirini ndio mtandao. Muhula ujao mwezeshaji akija na projekta yake, akute ukumbi unatumika.